Springi Arobaini na Waya Mita Kumi

Jumatatu, 2 Machi

Daftari hili nimepewa na mke wangu. Yeye ni muuguzi, ana wagonjwa wake wa kuwasikiliza, na amesema hana tena masikio ya habari za ofisini kwangu. Manung'uniko yote niyamwage humu, na kurasa zikiisha ataninunulia jingine. Haya, naanza.

Leo nimekabidhiwa faili la mtu tunayemwita Saba, kwa kuwa ni mrejeshwa wa saba katika wilaya yetu. Alikamatwa ugenini akiwa na miaka ishirini na mitano, akawekwa kizuizini miaka kumi na mmoja kwa tuhuma za ugaidi, na hakuwahi kusomewa shitaka hata moja. Mwaka jana mwishoni mwa Mei akashushwa kwenye ndege na mfuko wa plastiki mkononi, pamoja na barua inayosema si mtu wa hatari. Serikali yetu ikampokea kwa masharti kumi na mawili ya mwaka mmoja. Mwaka unatimia tarehe 31 Mei. Mpaka hapo natakiwa kumtembelea kila Jumatatu na Alhamisi, kujaza fomu, na kila Ijumaa kuipeleka kwa mkuu wangu. Mwenzangu aliyekuwa na faili hili amestaafu. Ameniachia kalamu isiyoandika na ushauri mmoja: "Usinywe chai yao, utawazoea."

Nimekwenda. Nyumba ni ya mama yake, vyumba viwili na baraza. Nimeuliza ya kwenye fomu, amejibu. Chai nimekunywa.

Alhamisi, 5 Machi

Nimekwenda. Joto kali. Alikuwa anafua.

Ijumaa, 6 Machi

Fomu ina visanduku vitano: Mahali, Waliokutana, Manunuzi, Hali, na Jipya. Hicho cha mwisho nilikiandika "Hakuna." Mkuu wangu, ambaye ofisi nzima inamwita Bwana Jipya kwa sababu hasalimii, anauliza tu "Kuna jipya?" hata ukiwa umetoka msibani, ameishika fomu kwa vidole viwili.

"Hiki ni nini?"

"Hakuna jipya, mkuu."

"Wiki nzima?"

"Alifua."

"Makao makuu wakipokea 'hakuna' wanadhani tumelala. Rudi ukaangalie vizuri."

Yaani mtu ametulia nyumbani kwa mama yake, jambo ambalo ndilo tunalolitaka, na utulivu wake unahesabiwa kuwa uvivu wangu. Nimerudi mezani nikakaa nusu saa nikiitazama fomu. Sikuongeza kitu.

Jumatatu, 9 Machi

Nilikuwa naandika, naye amekaa mbele yangu, fomu imenielekea mimi. Akasema kwa upole, "Kaka, kwenye manunuzi umesahau sabuni."

Nikashtuka. Akacheka. "Miaka kumi na mmoja nimesoma karatasi za watu zikiwa zimegeuka. Maswali ni haya haya. Umekutana na nani, umenunua nini. Wale visanduku vyao vilikuwa vingi zaidi."

"Ungenisaidia kazi basi," nikamtania.

"Msaada wangu ni huu: panapowezekana pawe wazi, paache wazi. Kule nilichoka kuulizwa, siku moja nikasema ndiyo, niliwahi kununua kamba. Kamba ile niliulizwa miaka minne."

"Ilikuwa ya nini?"

"Ya kuanikia nguo." Nikacheka.

Ijumaa, 13 Machi

"Hakuna" ya pili. Bwana Jipya amesema ikija ya tatu atanipeleka masjala nikapange mafaili na panya.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua imeanza, na imeanza kwa hasira. Nimefika nimelowa mpaka soksi. Barazani nimekuta miavuli kumi na saba, mingine imefungwa, mingine imelala chali vyuma vikiwa nje, na katikati yake mama mtu, koleo mkononi kalishika kichwa chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ni yangu hii. Natengeneza mwenyewe."

Saba akatoka ndani. "Mama, acha tu. Kaka, ni kazi yangu. Marehemu baba alikuwa fundi miavuli, vifaa vyake vilikuwa chini ya kitanda. Mvua ilipoanza jirani akaleta mmoja, kesho yake wakaja watano."

Sharti la tisa linasema hatafanya biashara yoyote bila kibali. Kibali aliomba Agosti. Nimepiga simu makao makuu mara nne kukiulizia na nimepigwa danadana: huyu yuko likizo, yule yuko kikaoni, njoo wiki ijayo. Akionekana amevunja sharti, mwaka unaanza kuhesabiwa upya. Nikauliza kwa nini anahatarisha, wakati zimebaki wiki kumi na moja.

"Kwa sababu nina mikono," akasema. Halafu akaona jibu hilo halitoshi. "Nina binti. Ana miaka kumi na moja, nilikamatwa mama yake akiwa mjamzito. Anaishi ng'ambo ya daraja, kwa mama yake na baba yake wa kambo. Daraja siruhusiwi kulivuka, na mtoto hawezi kuletwa kwa mtu aliye chini ya uangalizi. Wameniambia masharti yakiisha, Jumapili ya kwanza ya Juni watamleta. Sitaki anikute nimekaa tu."

Sikuandika miavuli. Katika Jipya nimeandika "Mvua imeanza." Njiani nilijiona mtu mwema sana, nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Ijumaa, 20 Machi

"Mvua imeanza! Wewe ni mtabiri wa hali ya hewa?" Bwana Jipya kanipigia kelele mbele ya katibu muhtasi. Nikachukua fomu, nikaongeza: "Anakohoa." Akasoma, akaitikia kwa kichwa akiridhika. "Unaona? Ukitaka unaweza."

Alhamisi, 26 Machi

Mwavuli wa mke wangu umegeuzwa na upepo kituoni. Nimeupeleka kwa Saba. Ameutengeneza nikiwa nimekaa pale pale, nimelipa kama mteja yeyote, na mama yake amenicheka kwamba sasa serikali nzima inavuja.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua. Kikohozi kimepona. Hasara kwangu, sina tena cha kuandika.

Ijumaa, 3 Aprili

Saa tisa na nusu, ofisi inafungwa saa kumi, mvua inapiga bati mpaka husikii unachofikiri, na kisanduku cha Manunuzi kiko tupu. Bwana Jipya kasimama mlangoni na koti lake. Nikakumbuka jana nilimkuta Saba ametoka dukani na bahasha, akanionyesha kilichomo. Nikaandika: "Springi arobaini na waya mita kumi." Ni kweli tupu, sikutia chumvi. Kazi ikaisha, nikawahi nyumbani kabla barabara haijajaa maji.

Jumatano, 8 Aprili

Nimepongezwa. Makao makuu wameandika kwamba ripoti za wilaya yetu "sasa zina maelezo ya kina." Bwana Jipya kanipa mkono, halafu kaniuliza kuna jipya. Nakiri nilifurahi. Miaka tisa kazini na hii ndiyo barua yangu ya kwanza ya pongezi.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimekaa kwa Saba saa mbili, fomu ilikwisha dakika kumi za mwanzo. Anashona kitambaa cha mwavuli bila kutazama sindano. Ameniuliza mtoto wa miaka kumi na moja anapenda nini. Mimi wangu wana miaka minne na sita, nimemwambia sijui. Akasema basi atamuuliza mwenyewe. Ana orodha ya maswali ameiandika nyuma ya kalenda, na kila siku anafuta moja kwa sababu linafanana na kuhojiwa.

Nimemwita kaka, bila kupanga. Nilipoingia Machi nilikuwa namwogopa kidogo. Sikuyaandika wakati ule kwa aibu, nayaandika sasa.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua. Ripoti. Mafua.

Jumanne, 21 Aprili

Nayaandika kwa mpangilio, kama yalivyotokea.

Asubuhi Bwana Jipya kaniita akiwa amesimama. Anatabasamu. Kanivutia kiti, kitu ambacho hajawahi kunifanyia. "Hongera," akasema. "Kazi yako imezaa matunda. Wamemchukua alfajiri."

"Wamemchukua nani?"

"Saba. Kikosi kizima kimekuja kutoka makao makuu. Springi zako zile!"

Akanisukumia orodha ya vitu vilivyokamatwa. Springi thelathini na moja. Waya mita saba. Makoleo mawili. Vyuma vyembamba mia moja na kumi na viwili. Vitambaa vyeusi. Kalenda yenye maandishi nyuma, orodha ya maswali, inachunguzwa. Miavuli kumi na minne.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa kupata nafuu. "Mkuu, ni fundi miavuli huyu! Springi ni za miavuli, vyuma ni vya miavuli. Wameiona miavuli yenyewe, si wameiandika hapa?"

"Wameiona. Ndiyo inayowatia wasiwasi zaidi." Akafungua faili, akaanza kugeuza fomu zangu moja moja, mwandiko wangu, sahihi yangu. "Umekwenda pale mara kumi na nne. Kuna mahali uliandika miavuli?"

Akageuza ya mwisho.

"Hakuna. Mwangalizi mwenye macho, aliyesifiwa kwa maelezo ya kina, aliyeona mpaka kikohozi, hakuona mwavuli hata mmoja. Kwa hiyo wamehitimisha kwamba miavuli imeletwa siku chache hizi ili kuficha zile springi. Wenyewe wanakiita kificho. Na ni hitimisho zuri, hata mimi ningefika hapo."

Miavuli niliificha mimi, kwa huruma. Springi niliziandika mimi, kwa uvivu. Kila moja peke yake isingemdhuru hivi. Nimeziweka pamoja kwa mkono wangu, na sasa mtu aliyebakiza siku arobaini na saba kumwona mwanawe amefungwa tena kitambaa machoni.

Jumatano, 22 Aprili

Nimekwenda kwa mama. Mlango umevunjwa bawaba, ameuegemeza kwa kiti. Alikuwa akiokota vishikizo sakafuni, sijui vya nini. Sikuthubutu kukaa.

"Afadhali umekuja mwanangu. Wewe ndiye shahidi wetu. Nimewaambia jana, muulizeni yule kijana wa serikali, anakuja hapa kila wiki, mwavuli wa mkewe umetengenezwa hapa. Wamesema watakuuliza. Wamekuuliza?"

"Bado, mama."

"Basi nenda wewe ukawaambie, usingoje."

Nikasema nitakwenda. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Natamani angenipiga kofi.

Ijumaa, 24 Aprili

Nilikwenda kituo walikomweka, nikazuiwa getini. Nikarudi kwa Bwana Jipya, nikamwambia yote: kwamba miavuli niliijua tangu tarehe 16 Machi, kwamba nilinyamaza kwa ajili ya sharti la tisa.

Akafunga mlango. Mara ya kwanza namwona akiongea taratibu.

"Hayo umeniambia mimi, sikuyasikia. Sikiliza. Watamshikilia siku tisini, watakosa kitu, watamwachia. Yeye amezoea. Wewe ukisema uliona ukaficha, kazi huna, na labda utashitakiwa kwa kumsaidia. Una watoto wawili. Nyamaza."

"Siku tisini zinaishia Julai. Mtoto anakuja Juni."

"Mtoto gani? Kuna mtoto kwenye faili?"

Hakuna. Naye sikumwandika.

Jumapili, 26 Aprili

Nimemweleza mke wangu, ingawa tulikubaliana niandike daftarini. Alikuwa anapiga pasi sare yake. Nilimweleza kwa namna ya kujitetea: nilitaka kumsaidia, ningefanyaje, kibali wamekikalia tangu Agosti.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Wodini kwetu," akasema, "nikimhurumia mgonjwa nikampa dawa ya maumivu nisiiandike, wa zamu inayofuata anampa tena. Mgonjwa anakufa, na mimi nina roho nzuri."

"Nikisema ukweli nitafukuzwa."

"Nimesikia. Nina mshahara, tutabanana." Akaendelea kupiga pasi kola. "Mimi siogopi ufukuzwe, mume wangu. Naogopa ukae hapa ukiugua na mimi ndiye nikuuguze."

Jumatatu, 27 Aprili

Nimeandika maelezo, kurasa tatu. Nimetaja miavuli, tarehe, sharti la tisa, kibali, binti, mwavuli wa mke wangu. Nakala moja kwa Bwana Jipya, moja makao makuu, na zote mbili nimezigongesha mihuri. Bwana Jipya kaipokea bila kuuliza kuna jipya.

Alhamisi, 30 Aprili

Kimya. Mvua.

Jumatatu, 4 Mei

Kimya. Mvua. Nimepiga simu. Mhusika yuko kikaoni.

Alhamisi, 7 Mei

Nimeitwa makao makuu. Watu watatu nyuma ya meza ndefu, na kiti changu kifupi kuliko vyao. Nilidhani wataniuliza kuhusu Saba. Wameuliza kuhusu mwavuli wa mke wangu kwa saa nzima. Nani alipendekeza uende pale? Ulilipa? Una risiti? Fundi miavuli gani anatoa risiti, nikauliza. Yule wa katikati akaandika kwamba sina risiti.

"Kwa hiyo unakiri kwamba uliandika ripoti za uongo."

"Sikuandika uongo. Niliacha kuandika."

"Na zile springi?"

"Ni kweli alizinunua."

"Basi tukuamini wapi, ulipoandika au ulipoacha?"

Wameuchukua mwavuli uwe kielelezo. Mke wangu anakwenda kazini na mfuko wa nailoni kichwani na hasemi neno, jambo ambalo ni baya kuliko angesema.

Jumatatu, 11 Mei

Wameanza kuhoji majirani wenye miavuli. Kumi na wanne. Mmoja kakana mwavuli wake kabisa, kasema hajawahi kuwa na mwavuli maishani.

Alhamisi, 14 Mei

Manyunyu.

Jumatatu, 18 Mei

Nimepewa barua. Sifukuzwi, ila nimeondolewa kwenye uangalizi na kupelekwa masjala. Panya wapo kweli. Katika trei ya mtu aliyehama nimekuta kibali cha biashara cha Saba, kimesainiwa Oktoba mwaka jana. Kilikuwa hakijatumwa kwa kuwa bahasha za ukubwa ule zilikuwa zimekwisha. Nilikaa sakafuni kati ya mafaili nikalia kwa hasira, mtu mzima mimi. Kisha nikakitia kwenye bahasha ya ukubwa mwingine na kukipeleka kwa mkono mapokezi ya makao makuu, mpaka nikaona sahihi ya kupokelewa.

Jumatatu, 25 Mei

Ameachiwa leo. Nimeipata nakala ya uamuzi masjala, hakuna aliyeniambia. Inasema tuhuma hazikuthibitika, vifaa arudishiwe, kibali kimetambuliwa. Aya ya mwisho inasema kwa kuwa alikamatwa ndani ya kipindi cha uangalizi, na kwa mujibu wa kanuni, kipindi kinahesabiwa upya kuanzia siku ya kuachiwa. Mwaka mmoja. Nimeisoma mara tano nikitafuta aliyeisaini ili nimwone. Kuna mhuri tu.

Alhamisi, 28 Mei

Mvua imekatika siku ya nne sasa. Nilikwenda kwake saa za chakula cha mchana. Mama alikuwa barazani. Sikuthubutu kumtazama. Aliitikia shikamoo yangu, lakini hakuniita mwanangu.

Saba alikuwa amekaa mahali pake, vifaa vimerudi, miavuli sita mbele yake na jua linawaka. Amekonda. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto kuna alama ya pingu.

"Umekuja kama nani?" akauliza.

"Kama mimi. Niko masjala sasa."

"Kaa basi."

Nikakaa. Nikamwambia nilichokuja kusema: kwamba nilificha miavuli kwa kumhurumia, na springi niliziandika ili niwahi nyumbani. Nikaomba msamaha. Nikasema nitavuka daraja mwenyewe, nikamweleze binti yake yaliyotokea.

Aliendelea na sindano kwa muda. "Ameshaambiwa. Baba yake wa kambo ni mstaarabu, alikuja jana mpaka hapa. Wamemwambia baba amepata kazi nyingine huko huko ugenini, atachelewa mwaka. Wewe ukienda utasema nini? Kwamba nilikuwa hapa siku zote, saa mbili tu kutoka kwake, nashona miavuli?"

Nikaiangalia miavuli.

"Kule waliokuwa wananichukia nilijua namna ya kuishi nao," akasema. "Wewe ulikunywa chai hapa. Nilikwambia habari ya kamba. Ulinisikia, kaka, ukacheka."

Hakupaza sauti. Ningependa sana angepaza.

Ndipo akafika mwangalizi mpya, dada mmoja mwenye miwani, fomu kwenye ubao mkononi. Nilisimama niondoke, Saba akaniambia nikae. Dada akasalimia vizuri, akavuta kigoda, akaangalia kalamu yake, akaniangalia mimi.

"Huyu ni nani?"

"Andika," Saba akamwambia. "Andika kila kitu, dada, usiniachie hata kimoja. Miavuli sita, mmoja wa mtoto, ni wa jirani. Uzi mweusi nimenunua jana, ni wa kushonea vitambaa hivi hapa unavyoviona. Springi zimebaki thelathini na moja, zihesabu. Nina binti, ana miaka kumi na moja. Alikuwa aje Jumapili ya kwanza ya Juni, haji tena. Umeandika haji?"

"Nimeandika."

"Na huyu ndiye aliyekuwa na faili langu. Amekuja kuniomba msamaha, amesema ukweli wote, na sijampa."

Dada akanitazama, kama anayeuliza hili nalo liingie au liachwe. Nikamwambia aandike. Akaandika kwa mwandiko mzuri, taratibu, mstari mzima, kisha akaniomba nimsaidie herufi za jina langu.